Mashine Iliyofundishwa Kutunza Sabato

Watu wanaobishana kuhusu lugha za kompyuta nimewadharau tangu nikiwa chuoni, na sijaona sababu ya kuacha. Darasani kwetu kulikuwa na vijana ambao hawajawahi kumwandikia mtu yeyote programu ya kumfaa, lakini ukiwakuta kantini wanataka kutoana macho kuhusu lugha ipi ina kasi na ipi ni ya watoto. Mimi niliwasikiliza huku nikinywa chai yangu. Baadaye nilijifunza lugha kadhaa kwa sababu kazi ilinilazimisha. Kila moja ilinikera kwa namna yake, na sikuwahi kuitetea hata moja mbele za watu.

Kazi yenyewe ilikuwa, na bado ni, katika hospitali ndogo ya binafsi chini ya mlima wa Manga, upande wa Nyamira, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri na umeme hupotea nayo. Wenye hospitali ni watu wa kanisa letu, Waadventista, na wafanyakazi wengi ni wa kanisa hilo hilo. Barua yangu ya ajira inaniita afisa wa teknolojia. Maana yake ni kwamba printa ikimeza karatasi naitwa mimi, simu ya msimamizi ikijaa picha za harusi naitwa mimi, na runinga ya mapokezi ikikataa kushika idhaa ya mahubiri naitwa mimi, tena naulizwa kama kweli nilisomea.

Kati ya mambo ya kipuuzi niliyoyakuta pale, hili liliongoza. Vipimo ambavyo maabara yetu haiviwezi hupelekwa Kisumu kwa gari la asubuhi, ndani ya kisanduku chenye barafu. Majibu hayarudi na gari. Huwekwa kwenye tovuti ya maabara ya huko. Karani wetu wa rekodi, mama mmoja mpole, alikuwa akifika asubuhi anafungua tovuti, anatafuta majina ya wagonjwa wetu mmoja mmoja, ananakili majibu kwa kalamu, halafu anapanda ngazi kumpelekea daktari wa zamu. Jibu lililowekwa mchana lilingoja hadi kesho yake. Lililowekwa Ijumaa jioni lilingoja hadi Jumapili, kwa sababu ofisi ya rekodi hufungwa jua linapotua Ijumaa. Wodi hazifungwi. Kumtibu mgonjwa siku ya Sabato hakuna anayekupinga, lakini kunakili majibu yake ni kazi ya ofisi, na kazi ya ofisi ni dhambi. Nilipouliza anatibiwaje bila majibu, niliambiwa imekuwa hivyo tangu hospitali ijengwe.

Nikaandika skripti. Kwa asiyejua, skripti ni maagizo mafupi unayoiandikia kompyuta ili ifanye yenyewe kile ambacho mtu angekaa akibofya siku nzima. Yangu ilikuwa ikiamka kila baada ya muda mfupi, inaingia kwenye tovuti ya Kisumu, inaangalia kama kuna jibu jipya la mgonjwa wetu, na ikilipata inamtumia daktari wa zamu ujumbe kwenye simu. Basi. Hakuna maajabu hapo. Mtu mwenye akili timamu angeiandika zamani kabla yangu, lakini nadhani walionitangulia kwenye kiti kile walikuwa bado kantini wanabishana.

Ya kwanza niliiandika kwa Bash, lugha ya zamani ambayo huja na kompyuta yenyewe. Bash ina ufupi wa mtu mwenye kiburi. Ukikosea haikwambii, inanyamaza na kufanya upuuzi. Tena haikutengenezwa na mtu aliyewahi kufika Kisii. Majina yetu mengi yana ng', na kile kialama cha juu baada ya g, Bash hukiona kama mwanzo wa maneno ya kunukuliwa, basi inakaa ikingoja nukuu ifungwe, na wagonjwa wote wanaofuata wanamezwa humo ndani. Nikahamia Python. Python ukikosea inasema, na inasema sana, kama shangazi aliyekuja kukaa wiki moja. Ila ukisahau nafasi mwanzoni mwa mstari mmoja, inakataa kazi yote. Niliivumilia. Karani wa rekodi, ambaye nilidhani atanichukia, alinishukuru mara moja kisha akaanza kutumia asubuhi zake kufuma vitambaa vya makochi.

Mambo yaliharibikia kanisani. Msimamizi wa hospitali, ambaye pia ni mzee wa kanisa, mtu wa tai ndefu na sentensi ndefu zaidi, alikuwa ameniagiza kwamba kila ujumbe unaokwenda kwa daktari uende na kwake. Hajui kusoma jibu la maabara. Hapendi tu kitu kipite bila kupitia kwake. Sabato moja, kanisa zima tumepiga magoti na yeye ndiye anayeongoza maombi pale mbele, simu yake ikalia mfukoni. Akajifanya hakusikia. Ikalia tena, na tena, maana Kisumu walikuwa wameweka majibu ya wiki nzima kwa mpigo. Mimi nilikuwa safu ya nyuma na uso wangu kwenye benchi, nikijua kwamba kila mlio ni mkojo au damu ya mtu wetu.

Kesho yake kamati ikaitwa. Mimi nikawekewa kiti karibu na mlango.

"Madam," msimamizi akaanza, "hiyo kitu yako ilifanya kazi jana?"

"Hakuna mtu alifanya kazi jana, mzee. Mashine ilikuwa peke yake."

"Lakini ilifanya."

"Ilifanya."

"Na nani aliituma?"

"Niliituma kitambo. Jana mimi nilikuwa kanisani, uliniona."

Hapo kamati ikaingia kazini kwelikweli. Amri inasema upumzike wewe na mtumishi wako na mnyama wako, kwa hiyo swali likawa skripti ni mtumishi au ni mnyama. Mwalimu mmoja mstaafu akasema si mtumishi wala mnyama, ni kama maji ya bomba, ambayo hushuka kutoka mlimani hata Sabato na hakuna anayeyakemea. Mwingine akamjibu kwamba maji hayachagui yaende kwa nani, lakini hiyo kitu inachagua. Mama mmoja wa idara ya akina mama akasema ng'ombe hukamuliwa Sabato kwa sababu asipokamuliwa ataumia, lakini chai haichumwi Sabato hata ikomae vipi, basi tujiulize kama majibu ya maabara ni maziwa au ni majani chai. Huyo ndiye aliyekaribia ukweli kuliko wote, na ndiye waliyemkatiza. Mimi nikasema ni maziwa. Msimamizi akasema tusiharakishe mambo ya kiroho.

Nisieleweke vibaya. Sabato nimelelewa nayo na naipenda. Napenda ile Ijumaa jioni ambapo viatu vimeshang'arishwa, masufuria yamefunikwa, na hata kuku wanaonekana wametulia. Dharau yangu ilikuwa kwa watu wazima, baadhi yao wakiwa na vyeti ukutani, wanaoweza kukaa tangu chai hadi chakula cha mchana wakiitafutia programu kwato na mkia. Walimaliza kwa kuamua kwamba mashine ilale jua likitua Ijumaa, iamke jua likitua Jumamosi, na namba ya msimamizi iondolewe kabisa kwenye ujumbe. Ningeyafanya yote hayo kabla chai yangu haijapoa. Lakini msimamizi alikuwa ameshapoteza imani nami. Akasema jambo zito kama hilo ataliletea mtaalamu, na mtaalamu akawa mtoto wa ndugu yake.

Kijana alikuja kutoka Nairobi kwa ndege hadi Suneka, na kabla hajakaa alikuwa amehakikisha sote tumejua ni kwa ndege. Kompyuta yake ilijaa vibandiko kama mlango wa kinyozi. Akafungua kazi yangu, akaiangalia kwa muda wa mtu kupiga chafya, akacheka.

"Madam, Python? Hii si ni ya kufundishia watoto wa shule? Iko polepole sana."

"Inangoja tovuti ya Kisumu," nikamwambia. "Hata ukiiandika kwa lugha gani, itafika kwa mlango wa Kisumu na ingoje hapo."

"Zii, si hivyo. Siku hizi kila kitu ni JavaScript. Lugha moja tu, mbele na nyuma. Hizi zingine tuliachia wazee."

Kisha akatufanyia hisani ya kulinganisha lugha zote, chai ya saa nne ikapotelea humo. C ni ya waliokwisha kustaafu. Java ni ya mabenki. PHP ni ya wasiojiweza. Python ni ya walimu. Bash ni ya watu wasio na marafiki. Msimamizi aliitikia kila tusi kwa kichwa kana kwamba anasikiliza Shule ya Sabato. Kuhusu JavaScript yenyewe, kijana alisahau kutaja kwamba ukiipa moja na moja ijumlishe, na moja hiyo ikawa imeandikwa kama herufi, inakupa kumi na moja bila kuona haya. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikala andazi langu nikanyamaza, kwa sababu kubishana na mtu wa aina hiyo ni kukubali kwamba mnalingana.

Akaandika upya kila kitu. Akaitoa kazi kwenye kompyuta yetu iliyo chini ya ngazi, akaipeleka kwenye seva ya kukodi huko ng'ambo, ambako alisema umeme haupotei. Hilo nilimkubalia moyoni, kwa shingo upande. Akabadilisha nywila ya tovuti ya Kisumu kwa ajili ya usalama, na hiyo mpya akabaki nayo yeye. Mimi nikapewa ruhusa ya kuisoma kazi yake bila kuigusa.

"Ujifunze polepole, madam," akaniambia, na nina hakika alidhani ananitendea wema.

Pambo la kazi yote lilikuwa kikokotoo cha machweo. Programu yake ilipiga hesabu ya dakika ambayo jua litatua hapa kwetu kila Ijumaa, maana jua halitui saa ile ile mwaka mzima. Kwenye kompyuta ya msimamizi aliweka ukurasa wenye picha ya jua, na chini yake maandishi ambayo yangebadilika wakati ukifika na kusema kwamba mfumo umepumzika, Sabato njema. Msimamizi aliwaalika wanakamati waje Ijumaa waushuhudie, kama watu wanaoalikwa kuona ng'ombe wa kisasa.

Wiki hiyo hiyo mama yangu alikuwa amelazwa juu wodini.

Mama ni mkulima wa chai na migomba, na ni shemasi kanisani. Alikuwa amejikata mguu kwa jembe akipalilia. Akaufunga kwa kitambaa, akaendelea kuchuma chai hadi mguu ukavimba na homa ikampanda, na hapo ndipo majirani walipompakia kwenye boda wakamleta. Daktari wa zamu, Mkatoliki wa upande wa Marani asiyependa maneno mengi, alimpa dawa na homa haikushuka. Akabadilisha dawa. Homa haikushuka. Akachukua usaha, akaupeleka Kisumu ukaoteshwe, ili ijulikane ni vijidudu gani vile na ni dawa gani inayoviua. Ijumaa mchana alinivuta kando, kwenye korido.

"Mimi sasa nabahatisha," akasema. "Nikipata hilo jibu leo, huo mguu nitauokoa. Nikingoja mpaka kesho jioni, siwezi kukuahidi. Na ikishaingia kwa damu si mguu tena tutakuwa tunazungumza."

Alikuwa amepiga simu Kisumu. Walimjibu kwamba jibu litasomwa jioni ile na kuwekwa kwenye tovuti, na kwamba kwa simu hawatoi majibu kwa sababu waliwahi kuchanganya wagonjwa. Nikashuka ngazi hadi ofisi ya msimamizi. Nilikuwa nimeapa kutomwomba mtu yule kitu chochote, na nikamwomba.

"Mzee, mashine isizimwe leo. Jioni hii tu."

"Madam, hiyo maneno tulimaliza kwa kamati."

"Mama yangu ako hapo juu."

"Najua. Tunamwombea. Hata jana kwa maombi nilimtaja."

"Basi nipe paswadi niingie mwenyewe na simu yangu. Dhambi iwe yangu."

"Paswadi iko na kijana, na kijana amezima simu. Anatunza Sabato." Akaniangalia kwa huruma, na ile huruma ningeweza kuipiga teke. "Imani, madam. Imani."

Kijana mwenyewe nilikuwa nimemwona baada ya chakula cha mchana akipanda boda kwenda Kisii mjini, miwani ya jua kichwani, na sidhani alikuwa anatafuta kanisa. Nilimpigia hata hivyo. Nilimpigia hadi sauti ya yule mwanamke wa mtandao ikaanza kunitukana masikioni. Nilipotoka nje kutafuta mtandao mzuri na kurudi, wanakamati walikuwa wameshafika ofisini kwa msimamizi. Wengine wamesimama dirishani wanatazama jua likishuka nyuma ya migomba ya jirani, wengine wameinamia kompyuta. Jua likazama. Ukurasa ukabadilika papo hapo: Mfumo umepumzika, Sabato njema. Wakapiga makofi. Watu wazima, mama yangu akiungua kwa homa juu ya vichwa vyao, wakaipigia kompyuta makofi kwa kuacha kufanya kazi.

Nilipanda wodini. Mama alikuwa ameshasikia. Katika hospitali ile habari hufika kabla ya chai.

"Omwana one, mwanangu," akasema, "nasikia umegombana na mzee."

"Nilimwomba mashine isizimwe."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya mguu wako."

"Usinifanye mimi niwe sababu ya watu kuvunja Sabato." Macho yake yalikuwa mekundu na midomo imekauka, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kuamrisha watoto waoge. "Kaa chini. Tufungue Sabato."

Akaanza wimbo kwa Ekegusii, na wagonjwa wenzake wakauitikia vitandani. Mimi sikuimba. Nilikaa nikiutazama ule mguu chini ya shuka, mkubwa kama mguu wa mtu mwingine. Nilimchukia msimamizi, nikamchukia kijana, nikaichukia kamati nzima pamoja na maziwa yake na majani chai yake. Na kidogo, kwa muda wa ubeti mmoja hivi, nilimchukia na mama. Niliogopa. Sikuwa nimewahi kuogopa namna ile, na sikuwa na kitu cha kufanya kwa mikono yangu.

Chakula cha jioni kililetwa, obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya chinsaga, na mama hakukigusa. Wahudumu walikuwa wanakusanya sahani daktari wa zamu alipoingia akitembea upesi, simu mkononi.

"Limetoka," akaniambia.

"Nini kimetoka?"

"Jibu la mama. Hizi dawa tumekuwa tukimpa hazifanyi kitu kabisa. Kuna moja inafanya, na tuko nayo hapo chini." Akamgeukia muuguzi akamtajia dawa. "Si mlisema mtazima hiyo mashine?"

"Ilizimwa. Niliona ikizimwa."

"Basi mimi sijui. Nimeona ujumbe, natibu. Hayo mengine ni yenu."

Dawa ikaingia mshipani kabla sahani hazijamalizwa kuoshwa. Asubuhi ya Sabato homa ilikuwa bado ipo. Alasiri ikaanza kushuka, na jioni mama aliuliza kama chinsaga imebaki. Nilienda msalani nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Jumapili asubuhi msimamizi alipita wodini, akamkuta mama ameketi. Akanivuta kando, uso umemng'aa.

"Umeona, madam? Sisi tuliheshimu Sabato, na Mungu akaheshimu mguu."

Nikashuka hadi chini ya ngazi, nikafungua kazi ya kijana ambayo nilipewa ruhusa ya kuisoma tu, nikaisoma kwa hasira, kama unavyotafuta nywele ndani ya mboga ya mtu usiyempenda. Haikunichukua muda. Hesabu yake ya machweo ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni saa. Ukurasa ulio ofisini kwa msimamizi hutazama saa ya kompyuta ile ile ya ofisini, ndiyo maana ulibadilika sawasawa na jua. Lakini kazi yenyewe, ile ya kuingia Kisumu na kutuma ujumbe, inafanyika kwenye seva ya ng'ambo, na seva ile inafuata saa ya kwao, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kijana aliiambia ilale saa kumi na mbili na nusu na kitu jioni, akasahau kuiambia jioni ya wapi. Hivyo mama anafungua Sabato kitandani, wanakamati wanapiga makofi, na huko seva inaona bado ni alasiri na inaendelea kuchapa kazi. Inalala sisi tukiwa tumeshamaliza kula, na Jumamosi inachelewa kuamka kwa muda huo huo.

Nilicheka hadi karani wa rekodi akasimamisha kufuma. Mtu aliyetukana lugha zote duniani hakujua kwamba dunia ni mviringo. Mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni hukatwa maksi kwa kosa lile. Nikaanza kupanga namna nitakavyolisema mbele ya kamati: nitaanza polepole, nitamwuliza kijana swali moja la upole kuhusu saa, nitamwacha ajibu, nitamwacha ajisifu kwanza. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu niajiriwe. Lakini nilitaka mtu wa kwanza kusikia awe mama, kwa sababu ndiye niliyemdai zaidi. Nilitaka ajue kwamba Sabato yake ilivunjwa na ndiyo maana ana mguu.

Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamweleza yote, pole pole, saa za huku na saa za kule, na kwa nini mashine haikulala. Alisikiliza vizuri. Mama ni mtu wa kusikiliza.

"Kwa hivyo ilifanya kazi ndani ya Sabato," akasema.

"Ilifanya. Ndiyo iliyoleta jibu lako."

"Na ni nani alikosea?"

"Yule kijana wa msimamizi. Mjinga yule."

"Na wewe? Kama ni wewe wangekupa hiyo kazi ya kuizima?"

"Mimi?" Niliona hata swali lenyewe ni la kunivunjia heshima. "Mimi ningeizima dakika ile ile jua linatua. Mimi sikosei vitu kama hivyo, mama."

Akala kipande cha ndizi, akatafuna, akameza.

"Basi Nyasae ashukuriwe," akasema, "hawakukupa wewe."

Akaniomba nimsogezee maji. Nikamsogezea.

Mkutano ulikuwa mchana ule ule. Kijana alikuwepo, amerudi kutoka mjini, ameketi upande wa kulia wa baba yake, aliyekuwa amekuja kumwona akisifiwa. Msimamizi alieleza jinsi jua na kompyuta zilivyokubaliana, na jinsi maombi yalivyojibiwa wodini. Halafu akakumbuka kwamba nipo.

"Madam, wewe umesoma kazi ya kijana. Kama mtu wa hiyo laini, umeona kosa yoyote?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na lile swali la upole mdomoni, tayari. Nikafikiria Ijumaa itakayofuata, na zile zingine, na yule atakayekuwa amelala kwenye kitanda cha mama wakati Kisumu wanaweka majibu yao ya jioni. Kosa likitajwa, lingerekebishwa kabla hatujainuka vitini, na lingerekebishwa vizuri.

"Sijaona, mzee."

"Ni safi?"

"Ni safi kabisa."

Kijana akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Akaniambia mbele ya wote kwamba akija tena atatenga muda anifundishe JavaScript, kwa sababu mtu hachelewi kujifunza. Nikasema asante, na ninavyokumbuka lilikuwa neno chungu kuliko dawa yoyote iliyowahi kutolewa katika jengo lile.

Mama yuko nyumbani. Anachechemea kidogo, na ameanza tena kuchuma chai ingawa alikatazwa. Msimamizi bado hualika wageni Ijumaa jioni waje watazame ukurasa ule, na nikiwa sijatoka ofisini huniita nisimame nao dirishani. Jua likizama na maandishi yakibadilika, wote hupiga makofi, na mimi hupiga nao.